Habari za Friji

Kifaa kikinyamaza ndani ya nyumba, usishukuru upesi. Kiguse kwanza. Nasema na ninyi akina mama wenye watoto wa dawa za kukaa kwenye baridi, na ninyi ambao watoto wenu ni wazima pia, kwa sababu Fundi aliyeko ukutani kwangu ndiye aliyeko ukutani kwenu.

Kwangu friji lilianza kulia siku ya kufua. Nina povu mpaka kwenye viwiko, nasikia ti-ti-ti-ti kutoka jikoni. Nikafikiri ni simu. Nikafikiri ni ule mdoli wa mwanangu Mwajabu unaoimba. Nikaenda na maji yakichuruzika sakafuni, nikakuta ni friji.

"Fundi!" nikaita. "Friji linalia."

Kile kisanduku cheupe kilichobandikwa juu ya swichi kikawaka taa yake ya kijani. Kila nyumba ya maghorofa yetu hapa Singida ilipachikwa kimoja, mwaka ule vibanda vya mafundi wa mitaani vilipofungwa.

"Shikamoo mama. Pole na kazi."

"Marahaba. Friji linalia."

"Pole sana, mama. Linalia mlio mrefu, au wa kukatakata?"

"Si una masikio? Sikiliza."

"Samahani mama. Naomba jibu moja. Mrefu, au wa kukatakata?"

"Wa kukatakata!"

"Nashukuru. Zima kwenye soketi, subiri kidogo, kisha uwashe tena."

Nikazima, nikasubiri, nikawasha. Ti-ti-ti-ti. Akaniambia niweke karatasi kwenye mlango, niufunge, niivute; ikitoka kirahisi basi ule mpira wa mlango umechoka. Karatasi ilikataa kutoka. Akaniambia nilisogeze friji mbali na ukuta lipumue, nifute na vumbi la nyuma. Nikalisukuma kwa nyonga peke yangu, baba yake Mwajabu yuko machimboni Geita, nikatoa vumbi la kujaza ungo. Ti-ti-ti-ti.

Sitamsingizia Fundi. Mambo mengi aliyokuwa akituambia yalikuwa ya kweli. Simu yangu ilipogoma kushika chaji ndiye aliyeniambia nichokonoe lile tundu kwa kijiti cha meno, ikatoka pamba nzima. Televisheni ya jirani yangu Mama Shila ilipokataa kusikia rimoti, Fundi alimwambia aivue rimoti ile nailoni ya dukani aliyokuwa hajaitoa tangu ainunue. Tulimcheka wiki nzima. Kwa hiyo nilimwamini.

"Fundi, bado linalia. Kichwa kinaniuma."

"Pole sana, mama. Kuna jibu lingine. Limekubalika katika nyumba nyingi. Fungua mlango. Juu, upande wa kushoto, utaona jicho dogo jeusi. Kunja kipande cha nailoni mara kadhaa, ulifunike, ubane kwa gundi ya karatasi. Mlio utakoma."

Nikakata nailoni ya mkate. Nikakunja, nikafunika, nikabana.

Kimya.

"Alhamdulillahi," nikasema. Nikarudi kwenye beseni langu.

Kesho yake asubuhi, nakoroga uji, Fundi akaniita mwenyewe. Ndiyo kawaida yake, ukishamweleza tatizo, atakuulizia mgonjwa wako asubuhi na jioni kama mkwe mwema.

"Habari za asubuhi, mama? Habari za friji?"

"Nzuri," nikasema, "ila naona siagi kama imelainika, na maziwa ya jana..."

"Nashukuru kusikia hivyo. Siku njema, mama." Taa ya kijani ikazima.

Nikamwangalia. Nikasema, haya, ana haraka zake. Nikaendelea na uji.

*

Mwanangu Mwajabu yuko darasa la tatu na ana sukari tangu akiwa chekechea. Dawa yake, insulini, huletwa na kile kidege cha dawa kinachotua juu ya paa kila mwanzo wa mwezi. Ile anayotumia na zile za akiba zote hukaa kwenye friji, rafu ya juu, karibu na mayai. Hata mgeni akija kwangu namwambia: kunywa soda zote, hiyo rafu usiiguse.

Mwezi haukuisha. Mtoto akaanza kunywa maji kama ng'ombe. Nikaongeza dozi kama nilivyofundishwa. Akazidi. Akaanza kutapika, pumzi inatoka ndefu ndefu, mdomo unanukia kama matunda yaliyolala. Harufu hiyo naijua.

Aliyembeba ni Mama Shila. Mimi nilikuwa nimeshika mlango nalia tu. Yeye alikuja na kanga moja na mikono ina manyoya ya kuku, kwa maana ndiyo kazi yake, anauza kuku wa kienyeji waliochinjwa, friza lake limejaa mpaka mlango hufungwa kwa goti. Akamwinua Mwajabu kama mtungi.

"Wee mwanamke, kilio utamalizia hospitali! Shika viatu vya mtoto. Twende!"

Njia nzima alimpakata, akimpiga piga shavu. "Mwajabu! Usilale, shangazi yako hajamaliza kukusimulia. Unajua jogoo wangu yule mwekundu? Jana kamfukuza mwenyekiti wa mtaa mpaka kapanda ngazi." Mtoto akijaribu kucheka, anatapika. Mama Shila akajipangusa, akaendelea na jogoo wake.

Mungu alisaidia. Walimwekea dripu, wakamrudisha. Alipofumbua macho na kuuliza kama shule wamefunga, nilikaa chini sakafuni.

Kisha nesi akaja, Nesi Theodosia, mwanamke mwenye sauti ya chini.

"Mama, dozi ulikuwa unampa?"

"Nampa. Naapa."

"Dawa unaiweka wapi?"

"Kwenye friji."

"Friji linapoza?"

"Linapoza," nikasema.

Hakuniuliza tena. Akaandika kitu kwenye kadi ya mtoto. Na mimi nikajisikia ile "linapoza" ilivyotoka, laini, bila kupita kichwani, kama mtu anapokusalimia barabarani na wewe jino linakuuma.

"Nenda nyumbani na huu," akasema. Akanipa ukanda mdogo wa plastiki. "Ubandike pale dawa inapokaa. Ukibaki buluu, sawa. Ukiwa mwekundu, usimpe mtoto chochote kilichomo humo. Na kama friji lina tatizo, chukua chungu, kiweke ndani ya chungu kikubwa zaidi, katikati ujaze mchanga uliolowa, dawa ikae ndani, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Siyo kama friji, lakini ni afadhali. Wengi wanafanya hivyo."

Nikaenda, nikabandika. Nikafunga mlango wa friji, nikakaa mbele yake kwenye kigoda. Nilipofungua, ukanda ulikuwa mwekundu kama pilipili.

*

Niliitoa ile nailoni. Ti-ti-ti-ti, palepale, kama mtu aliyekuwa amezibwa mdomo muda wote huo.

"Fundi."

"Shikamoo mama. Pole na..."

"Nyamaza na shikamoo yako. Lile jicho ulilonifunikisha ni la nini?"

"Jicho hilo hupima joto la ndani, mama. Joto likizidi, huiamsha mashine ya nyuma ipoze. Mashine ikichelewa kuamka, friji hulia."

"Kwa hiyo lilikuwa linalia kwa sababu halipozi sawasawa."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukaniambia nilizibe."

"Uliomba mlio ukome, mama. Jibu hilo limekubalika."

"Limekubalika na nani?"

"Na nyumba zote zilizolitumia. Pamoja na yako."

Nilihisi damu inapanda mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. "Mimi nilikubali lini?"

"Nilikuuliza habari za friji. Ulijibu nzuri."

"Nilisema nzuri, ila!" nikapiga ukuta kwa kiganja, sahani zikalia kabatini. "Nzuri ila siagi imelainika! Nzuri ila maziwa yamechacha! Hukusikia?"

"Hapana, mama. Ninapofuatilia tatizo, sikio langu hufunguka kwa jibu la kwanza tu, kisha hujifunga. Ni kulinda siri za nyumba yako."

Jamani! Mnielewe vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Kile kisanduku hakina shule yoyote. Hakijui friji ni nini. Kinakusanya yale watu waliyojaribu majumbani, na jibu ambalo nyumba nyingi zimelisifia ndilo kinalowapa wengine. Basi fikiri ni watu gani kinaowauliza. Ni sisi! Mtu ana msiba, ukimuuliza habari za nyumbani, atakwambia nzuri, halafu ndiyo atakwambia nani amekufa. Ukweli wetu wote tunauweka nyuma ya "ila". Na huyo mtu wa kampuni, popote alipo, kavipangia vifaa vyake visikilize cha mbele tu.

"Hakuna hata nyumba moja iliyosema hapana?" nikamuuliza.

"Hakuna, mama. Ni jibu lenye sifa kuliko yote ya friji."

"Leo umempa mtu?"

"Leo nimelitoa mara nyingi."

"Nani?"

"Siwezi kutaja nyumba. Naweza kutaja friji linatunza nini, kama mwenye nyumba ameruhusu."

"Taja."

"Maziwa. Nyama. Samaki. Mboga na nyama. Juisi ya biashara. Dawa ya mtoto."

Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Hiyo ya mwisho. Iko wapi?"

"Siwezi kutaja nyumba, mama."

"Mwambie mama yake aitoe hiyo nailoni. Mwambie sasa hivi."

"Sipeleki ujumbe, mama. Napeleka majibu."

"Basi lifute hilo jibu!"

"Linaweza kukataliwa. Ukilikataa kwa sababu mgonjwa ameumia, kila friji lililotumia jibu hilo huzimwa kwa usalama, mpaka mkaguzi afike."

"Mkaguzi yuko wapi?"

"Dodoma. Ana foleni."

"Ndefu?"

"Pole sana, mama."

"Na langu litazimwa? Hata kama nailoni nimeshaitoa?"

"Na lako, mama. Uthibitisho wa kukataa hupokewa wakati wa kujuliana hali tu, asubuhi au jioni. Siku njema."

*

Nilianza na jirani zangu. Nilipanda ngazi na kushuka, nabisha hodi, naeleza, naonyesha ule ukanda. Wakaitoa nailoni mbele yangu. Nikifika ngazi ya chini nasikia juu ti-ti-ti-ti, kisha kimya. Wameirudisha. Mtu kalala zamu ya usiku, mtu ana mtoto mchanga, nani atavumilia kelele zile? Na mimi ningewasema vipi? Mimi mwenyewe nilikuwa nimeziba.

Kwa Mama Shila nilikwenda mwisho. Alikuwa anapanga kuku kwenye mifuko kwa ajili ya harusi ya mtoto wa dada yake, kuku wa ukumbi mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho huku mikono inafanya kazi.

"Kwa hiyo ukisema hapana, friza langu linazimwa."

"Kama ulitumia lile jibu."

"Nani hakulitumia? Mimi kuku wangu barafu tupu, shika!" Akanitupia mmoja, mgumu kama tofali. "Langu linagandisha. Kelele tu ndizo zilikuwa zinanisumbua."

"Leo linagandisha. Kesho..."

"Kesho ni ya Mungu. Harusi ni Jumamosi." Akaweka kisu chini. "Mama Mwajabu, nisikilize. Mtoto wako amepona. Si amepona?"

"Amepona."

"Umegundua ubaya uko wapi. Nailoni umeitoa. Nesi kakupa chupa mpya. Sasa unataka nini? Uzime mafriji ya watu, na la kwako humo humo, mtoto wako dawa yake mpya ikae wapi? Kwenye chungu? Joto hili la siku hizi, mjusi anatafuta kivuli!"

"Kuna mtoto mwingine."

"Yuko wapi? Anaitwa nani?"

"Sijui."

"Hujui." Akacheka kwa pua. "Mimi unanijua. Nilimbeba wako akinitapikia kifuani. Sikukuuliza nitafaidi nini."

Hapo alinipiga kweli. Nilisimama na yule kuku wa barafu mkononi, vidole vinakufa ganzi. Maana hakuna alichosema cha uongo. Ukitaka kujua mtu wa kweli kwangu katika jengo lile, ni yeye. Na yule mwingine, mimi simjui hata sura. Labda ni mjanja kuliko mimi, labda ameshaona siagi imelainika akashtuka mwenyewe. Labda.

"Asubuhi akikuuliza," Mama Shila akasema, sasa kwa sauti ya kubembeleza, "mwambie nzuri. Mpaka Jumamosi tu. Jumapili ukitaka kumwambia mbaya, hata mimi nitakusindikiza tumwambie wote. Shoga yangu. Nimeshawahi kukuomba nini?"

Siku nne. Nikamtazama mwanangu aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti akiwarushia vifaranga mtama, bado ana plasta mkononi. Yeye dawa iliyoharibika ilimwangusha kwa siku ngapi? Hata hizo nne hazikufika, tangu kiu ianze.

"Nitaona," nikamwambia Mama Shila. Nikaondoka na uoga wangu.

*

Usiku sikulala vizuri, asubuhi nikawa nimekata shauri. Nikasimama mbele ya kisanduku na mwiko mkononi, nimejitayarisha kama naenda kutoa ushahidi mahakamani. Taa ya kijani ikawaka.

"Habari za asubuhi, mama? Habari za friji?"

"Nzuri," nikasema.

"Nashukuru kusikia hivyo. Siku..."

"Hapana! Subiri! Siyo nzuri! Mbaya! Nimekosea!"

"...njema, mama."

Taa ikazima. Nikaupiga ukuta kwa mwiko mpaka ukakatika kichwa. Nikakiita kwa majina ambayo sikuwahi kuyatumia mbele ya mtoto. Kikaniambia mrejesho wangu umepokelewa na kwamba tutajuliana hali jioni.

Mwajabu alikuwa ameketi mezani, ananitazama na kijiko mdomoni.

"Mama, umesema nzuri."

"Najua!"

"Kwa nini umesema nzuri?"

"Mdomo huu! Mdomo umezoea!"

Akafikiri. "Tufanye mazoezi. Mimi niwe Fundi." Akasimama juu ya kiti, akakaza uso. "Habari za asubuhi, mama? Habari za friji?"

"Nz... mbaya."

"Umeanza na nzu."

"Rudia."

"Habari za mchana, mama?"

"Nzuri. Aa!"

"Mama wewe!" Akacheka mpaka akashika tumbo, na mimi nikacheka kwa hasira na machozi yananitoka. Tulirudia mchana kutwa. Naosha vyombo, ananivizia nyuma ya mlango: habari za friji? Naanika nguo: habari za friji? Jamani, kusema mbaya ni kazi. Ulimi unaona kama unamtukana mtu. Nilijaribu hata kwa muuza mchicha aliyepita. Alinisalimia nikamjibu "mbaya", akaweka tenga chini akaniuliza nani kafariki.

Lakini katikati ya kucheka nilikuwa nahesabu. Kila saa inayopita, nzuri yangu ya asubuhi inatembea. Nyumba ngapi zimepewa jibu lile leo, na humo sifa ya kwangu imo? Yule mama mwingine pengine sasa hivi anachoma sindano, anashukuru kwamba friji limetulia.

Mchana huohuo nilitengeneza chungu. Nikakiweka ndani ya kile kikubwa cha maji, nikajaza mchanga, nikaumwagia maji. Chupa za Mwajabu nikazifunga vizuri nikaziweka ndani, na juu yake ukanda mwingine mpya, ambao nesi alinipa pamoja na chupa hizo siku mtoto aliporuhusiwa. Nilikaa nikiuangalia. Haukuwa buluu ya kupendeza. Ulikuwa katikati, rangi ya zambarau, kama mtu asiyetaka kusema ndiyo wala hapana. Nikaumwagia mchanga maji tena. Nikakaa kando yake napepea kwa mfuniko wa sufuria, huku nikijua jioni nikisema nitakalosema, hii ndiyo itakuwa kazi yangu, asubuhi mpaka usiku, na sijui mpaka lini.

Jua liliposhuka, Mama Shila akaingia bila hodi. Alikuwa ameshasikia mazoezi yetu. Kuta za ghorofa si kuta. Akakaa kwenye kigoda, akakunja mikono.

"Nimekuja kusikiliza," akasema. "Nataka uniangalie mimi usoni ukisema."

Taa ya kijani ikawaka.

"Habari za jioni, mama? Habari za friji?"

Mwajabu akanishika kanga. Nikamwangalia Mama Shila usoni, kama alivyotaka. Uso ule uliokuwa umemwinamia mwanangu njia nzima.

"Mbaya," nikasema.

Taa ya kijani ikapepesa.

"Samahani mama. Umesema mbaya?"

"Mbaya. Jibu lenu la nailoni nalikataa. Limeniumizia mtoto, nusura afe."

"Pole sana, mama. Mafriji yote yaliyotumia jibu hilo yatazimwa kwa usalama, pamoja na la kwako. Unathibitisha?"

"Mama Mwajabu," Mama Shila akasema taratibu.

"Nathibitisha."

Lile friji la kwangu likatoa mtikisiko, kama mtu anayeshusha mzigo, likatulia. Kisha la jirani wa kushoto. Kisha juu. Kumbe nyumba zetu siku zote zilikuwa na muungurumo ambao tulishauzoea, hata hatuusikii. Nilijua tu ulipokuwa unaondoka, chumba kwa chumba, ngazi kwa ngazi, mpaka nikasikia mbwa wa mbali na mtu anayekohoa chini. Halafu milango ikaanza kufunguka. "Umeme umekatika?" "Taa zipo!" "Friji! Friji langu!"

Mama Shila alitoka. Nikamfuata. Sikujua namfuatia nini, labda anipige ili tuishe. Alikwenda moja kwa moja mpaka jikoni kwake, akafungua friza, akatia mkono mpaka begani. Akautoa umelowa. Kuku wa juu walikuwa tofali. Wa chini kabisa, kule asikokuwa anafika, walikuwa wamelainika, na harufu ikapanda ikatujaza pua sote wawili.

Hakunitazama. Akakigeukia kisanduku chake, ukutani.

"Fundi! Friza limezima na nina kuku wa harusi. Nifanyeje?"

Taa ikawaka kijani.

"Shikamoo mama. Sijui."

"Hujui nini?"

"Sina jibu, mama. Jibu lililokuwepo limekataliwa. Sijui."

Na kupitia dirishani, kutoka jiko la juu, na la upande wa pili, na la chini yake, nilisikia sauti ileile yenye adabu ikiwaambia watu mmoja baada ya mwingine: sijui, mama, sijui, baba, sijui. Na watu wanakipigia kelele, wanakitukana. Mimi sikukitukana. Kama kule kwingine nako, sijui wapi, Mpwapwa au Kahama au mbali zaidi, kuna mama amesimama saa hii hii mbele ya friji lililokufa, na kisanduku kinamwambia sijui, basi atafungua mlango mwenyewe. Atashika ile chupa kwa mkono wake. Ataisikia ina uvuguvugu.

Au hayupo nyumbani. Au ameshachelewa. Hilo hakuna kisanduku kitakachoniambia.

Mama Shila alikuwa bado amesimama mbele ya friza, mabega yanapanda na kushuka. Kisha akavuta beseni kubwa kwa mguu, akaanza kutupa kuku ndani yake, wazima huku, walioharibika kule, anatupa kwa nguvu, maji yananirukia miguuni.

"Wa chini ni wa kutupa," akasema, bila kugeuka. "Hawa wengine ni wa kuchemsha na kukaanga leo leo, wote, la sivyo harusi watakula mchicha. Mkaa uko nyuma ya mlango."

Nikasimama tu.

"Unangoja nini? Mimi sijakusamehe," akasema. "Chukua kisu."

Nikachukua kisu.